Bustani ya Mvua ya Shangazi Kijani

Wifi yangu alipotangaza mezani kwamba anarudi shule, mume wangu alidhani ni utani, akaendelea kupuliza chai yake. Mama mkwe alidhani ni homa, akamshika paji la uso. Mimi peke yangu niliamini papo hapo, kwa sababu nilikuwa nimeshauona mkoba mpya mlangoni, na wifi yangu si mtu wa kununua kitu ambacho hana nia ya kukichakaza.

Maisha yake yote ya kazi alikuwa msimamizi wa mitaro katika ofisi za mji. Alitembea na kundi la wazibuaji, akasimama kando ya mtaro uliofurika, na kuamua kama uzibuliwe leo au usubiri mpaka watu wapige kelele. Alikuwa amebakiza muda mfupi tu astaafu. Sasa ofisi ilikuwa inaanzisha kitengo kipya, kitengo cha kijani, na kitengo hicho kilitaka watu wenye cheti. Chuoni wangefundishwa mapaa yanayooteshwa majani, kuta zinazopandwa mimea, sakafu zinazopitisha maji, na bustani za mvua, yaani bustani zinazokunywa maji ya mvua badala ya kuyaachia barabara. Wifi alitueleza hayo yote kwa mikono miwili, kikombe chake kikiwa hatarini. Alisema amezibua mitaro ya mji huu mpaka anaijua kwa harufu. Alitaka, kabla hajastaafu, ajifunze kuyazuia maji yasifike mtaroni hata kidogo.

"Na sisi tutakula nini?" mume wangu akauliza.

Lilikuwa swali la haki. Mume wangu, ambaye ni mdogo wake wa tumbo moja, anafyatua vitofali vya saruji vya kutandika nje: uani, mbele ya maduka, kwenye maegesho ya magari. Ukitembea mtaani kwetu na viatu vyako vikabaki safi, mshukuru yeye. Watoto wetu wamesomeshwa na saruji. Kwa hiyo dada mtu alipolalamika kwamba ardhi ya mji imezibwa na maji hayana pa kuzama, aliyekuwa akiziba alikuwa amekaa mbele yake, ameshika kipande cha mkate.

Hata hivyo akaenda. Kazi yake ya kwanza ya chuo ilikuwa kuandika juu ya madhara ya sakafu zisizopitisha maji. Aliiandikia pale pale sebuleni, na mume wangu akamwomba amsomee. Alisikiliza kutoka mwanzo hadi mwisho, mikono kifuani. Dada alipomaliza kusoma, mume wangu akauliza kama picha iliyobandikwa kwenye ukurasa wa kwanza ni ile ya mbele ya duka la dawa, kazi aliyoifanya yeye mwenyewe. Ilikuwa ndiyo hiyo. Akasema angalau picha imetoka vizuri. Tangu siku hiyo ndugu hao wawili walizungumza juu ya kila kitu isipokuwa kile walichokikanyaga.

Mtaani wakambandika jina la Shangazi Kijani, na watoto wangu ndio waliolieneza. Yeye hakujali. Kila jioni alirudi na habari za chuo, na kila habari aliisimulia kwa uso mkavu, maana si mtu wa kucheka kile anachokitafuta kwa jasho. Somo la kupooza majengo kwa vivuli vya miti lilifundishwa katika chumba kisicho na dirisha, kiyoyozi kikinguruma, wanafunzi wamevaa masweta. Miti ya mbele ya chuo ilikuwa imekatwa ili wageni waliokuja kwenye mkutano wa miti ya mjini wapate pa kuegesha magari. Walipelekwa kwa ziara kuona ukuta wa mimea wa jengo moja kubwa, wakakuta majani ni ya plastiki na mtu anayaosha kwa mpira wa maji. Mimi ni fundi cherehani. Hiyo ya ukuta niliicheka mpaka nikajidunga sindano. Wifi aliniambia tu kwamba ule ukuta ulikuwa safi sana.

Mwisho wa masomo kila mwanafunzi alitakiwa atengeneze kitu kinachofanya kazi, mahali penye shida ya kweli, na jopo lije kukikagua. Wenzake walikimbilia mahoteli na maofisi. Yeye alichagua ua wetu, kwa sababu ya chumba cha mama mkwe.

Chumba hicho kiko mwisho wa ua, chini kuliko vyote, na ua umeinama kukielekea. Mvua kubwa ikinyesha, maji huingia kutoka barabarani, huvuka ua, na hupita chini ya mlango wake bila kubisha hodi. Kitanda chake kimeinuliwa juu ya mawe. Tumemsihi ahame mara nyingi, na jibu lake ni moja: chumba hicho alijengewa na marehemu mumewe kwa mikono yake, na hatoki humo kwa kufukuzwa na maji. Hata hivyo magoti yake yalikuwa yanazidi kuharibika kila msimu, na usiku wa mvua nilimsikia akikohoa.

Wifi akachimba. Walimsaidia wazibuaji wawili katika siku yao ya mapumziko, lakini sehemu kubwa alichimba mwenyewe, akiwa na buti zake za kazini. Likatokea shimo pana lisilo refu, katikati ya ua, kwenye njia ile ile ya maji. Chini akapanga mawe. Juu ya mawe akamwaga kokoto, juu ya kokoto mchanga, juu ya mchanga udongo mwepesi, na juu ya udongo akapanda majani yenye mizizi mirefu. Majani yenyewe aliyatoa kando ya mitaro, yale yale aliyokuwa akiwaamuru watu wayang'oe tangu aajiriwe.

Majirani walipata la kusema. Kuna aliyeuliza kama tunafuga samaki, na mwingine akauliza choo kipya kitaezekwa lini. Mimi mwenyewe nilinuna, kwa sababu kamba yangu ya nguo ilihamishwa, na nilitabiri mbu. Kisha mvua ya kwanza ikanyesha. Maji yaliingia kutoka barabarani kama kawaida yao, yakafika kwenye shimo, yakatua. Yakazunguka kati ya majani, yakapungua, yakaisha, na mbu hawakupata hata muda wa kupanga chumba. Mama mkwe akatuita kwa sauti tukadhani ameanguka. Tulimkuta anatembea peku chumbani kwake, kwenda na kurudi, anatuonyesha nyayo. Wifi alijifanya anakagua bawaba ya mlango, lakini nilimwona akijifuta macho kwa kiwiko.

Sitatia chumvi: lilikuwa baya kwa sura. Upande mmoja mawe yalikuwa nje nje, majani yalikwenda yalikotaka, na ukingo ulikuwa tope tupu. Mume wangu alisimama pale kila asubuhi, mswaki mdomoni, akilitazama. Nilidhani analaani kimoyomoyo.

Siku za jopo zikafika. Mama yangu mzazi alikuwa ameteguka mguu, nikaenda kumuuguza. Wifi akaenda chuoni kwa mtihani wa kujieleza, akalala kwa mwanafunzi mwenzake ili asubuhi aje na gari la wakaguzi. Nyumba ikabaki na mama mkwe, watoto na mume wangu, na habari kwamba kesho kuna wageni.

Nilirudi asubuhi hiyo, nikafika getini wakati gari la chuo linasimama. Mume wangu alikuwa ametangulia kutoka nje, amevaa shati lake la harusi za watu. Nyuma yake, ua wote ulikuwa uking'aa.

Inabidi nieleze jinsi mume wangu anavyofanya kazi, la sivyo utamwona mwovu. Kabla ya kutandika kitofali kimoja, unachimba, unapanga mawe, unamwaga kokoto, unasawazisha mchanga. Huo ndio msingi, na ndiyo sehemu ngumu; vitofali ni kumalizia tu. Asubuhi zote zile, mswaki mdomoni, aliona jambo moja: dada yake ameandaa msingi mzuri kuliko wa vijana wake wa karakana, kisha amekwama. Chumba cha mama kukauka alikuhesabia mawe na kokoto; majani aliyachukulia kuwa ni kitu cha kuzuia udongo usitimke wakati wa kusubiri. Akahitimisha kwamba dada anaona haya kumwomba vitofali baada ya yale aliyoyaandika. Akamwonea huruma. Akabeba vitofali vyake bora, vyekundu na vya kijivu, akaleta vijana na mashine ya kushindilia, na, mama mkwe akiamini ndivyo binti yake alivyopanga, wakafanya kazi kutwa nzima mpaka ukiweka gololi kwenye ule ua ingejua yenyewe pa kwenda. Yale majani hakuyatupa. Aliyapanda kwenye makopo ya rangi, akayapanga ukutani, na makopo yote akayapaka rangi ya kijani kwa heshima ya somo.

Wifi alishuka garini. Mkoba ukamteleza begani ukaishia kiwikoni. Mume wangu akatanua mikono.

"Dada, nimekumalizia," akasema.

Nilifungua mdomo. Wifi akanikanyaga mguu, na siku hiyo alivaa viatu vya kisigino. Nikaumeza msemo wangu wote pamoja na maumivu. Alimtazama mdogo wake, yule naye akiwa amesimama pale kama mtoto aliyeleta maji bila kutumwa, kisha akageuka kuwakaribisha wageni.

Walikuwa wawili: mkuu wa jopo, ambaye ndiye mwalimu wa lile darasa la masweta, na afisa wa kike kutoka ofisi za mji. Wiki nzima walikuwa wakizungushwa kwenye miradi ya wanafunzi, na pindo za suruali ya mwalimu zilikuwa zimekauka tope. Alipanda juu ya vitofali, akapiga mguu chini mara mbili, na uso wake ukafunguka. Akauliza matabaka yako wapi.

"Yako yote chini, mwalimu," wifi akajibu. "Mawe, kokoto, mchanga na udongo."

Hakusema uongo hata neno moja. Mwalimu akauliza mimea, akaonyeshwa makopo. Afisa akapiga picha. Mwalimu akasema hatimaye amekutana na mwanafunzi anayejua kwamba kijani si lazima kiwe uchafu, na kwamba mradi umefaulu vizuri sana. Kilichobaki ni taratibu tu: baada ya mvua kubwa atarudi kuthibitisha kwamba kila kitu kiko kama walivyokikuta, na hapo ndipo cheti kitatoka. Mpaka siku hiyo mradi usiguswe. Mama mkwe akawamiminia chai katika vikombe ambavyo mimi, tangu niolewe, sijawahi kuruhusiwa kuvitumia.

Walipoondoka nilimbana wifi jikoni. Nilimwuliza kama amerogwa.

"Wifi, ulimwona uso wake?" akaniuliza.

Nikasema nimeuona. Akaniambia basi. Kisha akanieleza bila kuficha kwamba kile cheti anakitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, kwamba mwakani atakuwa amestaafu na kitengo hakitamsubiri. Akisema ukweli anakosa cheti na anamvunja moyo mdogo wake kwa mpigo mmoja. Akinyamaza anapata vyote viwili. Nikamwuliza, na mama? Akaendelea kusuuza kikombe kilichokwisha takata. Akasema pengine mwaka huu mvua zitakuwa za wastani. Mtu aliyetumia maisha yake akiyatazama maji yakifurika, akaniambia hivyo bila haya.

Mvua ilikuja siku chache baadaye, mchana, na haikujua wastani ni nini. Maji yaliingia getini, yakakuta sakafu laini iliyosawazishwa na fundi anayejua kazi, yakateleza juu yake kwa kasi ambayo hayakuwahi kuwa nayo. Tulipofika chumbani, mama mkwe alikuwa amekaa juu ya kitanda, magoti ameyakunja, ndala zake amezipakata. Maji yalikuwa yamegusa mbao za kitanda. Hata miaka mibaya kabisa hayakufika hapo.

Mume wangu alisimama mlangoni, maji yakimpita miguuni. Aliyatazama, akayafuata kwa macho kinyumenyume, kutoka mlangoni, juu ya vitofali vyekundu, juu ya vya kijivu, mpaka getini. Alichukua muda. Sikumsaidia.

"Dada," akasema, "kumbe ulikuwa umeshamaliza."

"Nilikuwa nimemaliza, mdogo wangu."

Akauliza kwa nini hakumwambia. Akakaa kwenye kizingiti, ndani ya maji, na suruali yake nzuri. Nilikuwa nimesubiri siku hiyo nimpashe, nina maneno yamepangwa kabisa, na yote yakanikauka. Mwishowe akasema anavifumua vyote sasa hivi. Hapo mama mkwe akazungumza kutoka kitandani.

"Hakuna wa kugusa. Wale wageni si walisema kisibadilishwe kitu mpaka cheti kitoke?"

Kumbe siku ile alisikia yote, na ya jikoni pia. Wifi akamwambia hawezi kulala humo. Mama mkwe akacheka kidogo.

"Nimelala na haya maji miaka yote bila kupewa chochote. Leo yanampa mwanangu cheti, ndiyo nishindwe?"

Wifi alitoka. Nilimkuta stoo anautafuta mtaimbo, analia waziwazi, pua inamchuruzika, na wala hakujifuta. Aliniambia amesoma ili miguu ya mama yake ikauke, na sasa mama analowa ili yeye aonekane amesoma. Tulimbeba mama mkwe mpaka chumbani kwetu, akitugombeza njia nzima. Kisha wifi akaingiza mtaimbo kwenye kona na kung'oa kitofali cha kwanza, na mume wangu akapiga magoti karibu yake kung'oa cha pili.

Kazi haikuwa nyepesi. Vitofali vilikuwa vimeshikana vizuri mno. Mume wangu alivuta, akateleza, akamtukana aliyevitandika, akakumbuka ni nani, akaendelea kutukana. Mimi nilisukuma toroli. Mvua ilitunyeshea mpaka tukaacha kuiona. Majani tuliyatoa kwenye makopo na kuyarudisha ardhini, na siku zilizofuata mama mkwe alirudi chumbani kwake pakavu. Kwa kuwa tulimkaidi, alitununia wote, lakini alitembea peku.

Mwalimu alikuja kuthibitisha, peke yake safari hii, manyunyu yakidondoka. Alisimama ukingoni, akauliza mradi uko wapi. Wifi akamweleza kila kitu, taratibu na kwa mpangilio, kama alivyojiandaa kueleza siku ya jopo. Mume wangu akasema kosa ni lake, yuko tayari kuapa. Mwalimu alisikiliza kwa adabu. Wala hakuwa mtu mbaya.

"Nakuelewa, mama," akasema. "Lakini nimetumwa kuthibitisha kile jopo lilichokiona. Hicho hakipo tena."

Nilimwambia ayatazame maji. Yalikuwa yanapita kando ya viatu vyake, yanaingia kwenye majani, yanazama. Akayatazama, akakubali kwamba yanazama vizuri, na akasema inasikitisha sana. Yaani mradi ulifaulu siku ambayo haukuwepo, na siku ulipokuwepo ukakosa wa kuuona. Nilitaka kumwambia hayo, na mengine, lakini wifi alikuwa amekwisha fungua mwavuli amsindikize asilowe.

Aliporudi, mama mkwe alikuwa dirishani. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mtaimbo amsemeshe.

"Mwalimu amesemaje? Umefaulu?"

Mume wangu aliinua kichwa. Wifi akaufunga mwavuli, akaukung'uta maji, akautundika mahali pake.

"Nimefaulu, mama," akasema.

Mama mkwe akapiga vigelegele, vya nguvu, mtaa mzima ukasikia. Mume wangu akageukia ukutani. Kabla hata manyunyu hayajakatika, majirani wakaanza kuingia kumpa Shangazi Kijani mkono wa pongezi, na yeye akawapokea mmoja mmoja.